Mkeka Uliozidi Njia

Katika mji ule siku zilikuwa zimeacha kufuatana. Zamani, kabla lango la chemchemi halijafungwa, Jumatatu ilizaa Jumanne, na asubuhi ilijua kwamba adhuhuri inaisubiri. Lakini tangu maji ya chemchemi yalipozuiwa nyuma ya ukuta, wakati nao ukakosa mkondo, ukatuama kama maji ya dimbwi, na siku zikawa zinaelea juu yake bila mpango, leo ikigongana na juzi, kesho ikirudi kinyumenyume. Mtu aliweza kulala akiwa na mvi, akaamka ana meno ya utoto. Hakuna aliyeshangaa tena. Watu walipoamka walijitazama mikono kwanza, kama vile watu wa miji mingine wanavyotazama mawingu, ili wajue siku hiyo watakuwa na umri gani. Kisha wakaenda zao kupanga foleni ya lori la maji, ambalo lilikuja lilipotaka.

Asubuhi ambayo hadithi hii inaanzia, Sikudhani aliamka na mikono ya mwanamke wa makamo, yenye sugu kwenye ncha za vidole, akaridhika nayo. Ilikuwa mikono ya kusuka.

Aliishi na bibi yake, Bi Mwanakheri, katika nyumba ya mwisho ya mtaa unaotazamana na lango. Kwa desturi ya watu wale, bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza, kwa kuwa wote wawili wana mume mmoja, naye ni babu. Na utani huo haukomi hata mjukuu akizeeka, wala hata, kama ilivyotokea mara nyingi mjini mle, wote wawili wakiamka wakiwa vikongwe wa rika moja.

"Mke mwenzangu," Bi Mwanakheri aliita kutoka jikoni, "jua limekwisha kupanda kitandani kwako, na sidhani kama ulilialika."

"Naja, bibi. Mume wetu alinichelewesha kwa hadithi zake."

"Katika ndoto yako au yangu?"

"Yangu."

"Basi amenidhulumu. Zamu ilikuwa yangu."

Mume wao huyo, Mzee Vuai, hakuwapo nyumbani. Alikuwa mfagiaji wa chemchemi, mtu wa kuokota majani yaliyoanguka majini na kuzungumza na vyura. Siku watu walipokwenda langoni kwa fimbo na makelele kudai maji yao, yeye alitangulia mbele na kata yake ya kuchotea, akisema hana ugomvi na mtu, anakwenda kazini tu. Lango likafunguka kidogo, likampokea, likafungwa. Waliobaki nje wakatawanywa kwa virungu na kwa viatu vizito, na Sikudhani alibaki na alama ya kisigino mgongoni, alama ambayo haikumtoka hata siku alizoamka mtoto mchanga. Tangu hapo hapakuwa na habari ya Mzee Vuai, si ya uhai wala ya msiba. Wanawake wale wawili hawakuweza kumlia, kwa maana hawakuwa na hakika kwamba amekufa. Wala hawakuweza kumsubiri, kwa maana kusubiri huhitaji siku zinazofuatana. Wakamtania. Utani ulikuwa chumba pekee walichoweza kumweka asipate baridi.

Kwa hiyo walichokitaka kilikuwa kimoja: lango lifunguke. Nyuma yake palikuwa na maji ya mji mzima, na palikuwa na jibu.

Fikra ya mkeka ilikuwa ya Bi Mwanakheri, na mwanzoni watu waliichukulia kuwa mzaha. Sheria ya mji ilikataza kukusanyika, kupaza sauti, kubeba mabango na kusimama njiani bila shughuli. Lakini hakuna aliyekumbuka kuwakataza wanawake kusuka, wala kuukataza mkeka kutandikwa.

"Tutasuka mkeka kutoka uwanjani hadi langoni," alisema. "Mmoja tu. Tuutandike, tukae."

"Tukae, tufanye nini?" Sikudhani aliuliza.

"Tuimbe. Ukiwa na mgeni nyumbani unafanya nini kingine?"

"Mgeni gani, bibi?"

"Yeyote atakayekuja kutufukuza."

Wimbo alioutaka ulikuwa ule wa kumkaribisha mgeni, ambao kila mtu mjini aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa amebebwa mgongoni, kabla hajajua kuwa maneno yana maana:

Karibu ukae, mgeni wa mbali,
vumbi la njia litue chini;
hapa hatuulizi jina wala hali
kabla hujashiba maji ya ndani.

Tangu lango lilipofungwa, wimbo huo ulikuwa umeachwa. Haukupigwa marufuku; watu waliona haya tu kuuimba, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na maji ya kumpa mgeni.

Yafaa ielezwe namna wasukaji wale walivyofanya kazi, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana na hilo. Kwao, kusuka kulikuwa kuimba kwa vidole. Chane za ukindu zilizotiwa rangi ziliingia katika ukili, ule utepe mwembamba unaoshonwa kuwa mkeka, pale sauti ilipopanda, zikatoka pale iliposhuka, hata wimbo mzima ukabaki umelala ndani ya mkeka, na mtu mwenye kuujua aliweza kuupapasa gizani akajua amefika mstari wa ngapi. Wala hawakupima kwa futi au kwa mita. Mwanamke mzima, akitembea kwa mwendo wake wa kila siku, huimaliza beti moja katika urefu fulani wa njia, na mikono yao iliujua urefu huo pasipo kuufikiri: beti moja ya njia, beti moja ya mkeka. Ndiyo maana Sikudhani alitumwa aitembee njia ya kwenda langoni huku akiimba chini ya pumzi, na kila amalizapo beti atie kokoto katika pindo la kanga.

Siku aliyotumwa alikuwa ameamka na miguu ya mtoto. Hakumwambia mtu. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu miguu ile imjie, nayo ilimjia myepesi, haina kisa na goti lolote, inapenda kuruka vijishimo na kusimama bila sababu ili itazame sisimizi wakihamisha mayai. Hatua zake zilikuwa fupi, na wimbo, ambao haujali hatua za mtu, ukaendelea kuzunguka: beti, kokoto; beti, kokoto. Alikuwa na furaha, na furaha ilikuwa kitu ambacho hakukizoea, kwa hiyo hakukitilia shaka. Alipofika nyumbani adhuhuri, miguu ya mwanamke mzima ilikuwa imekwisha kumrudia, na pindo la kanga limening'inia kwa uzito.

"Njia hii nimeitembea maisha yangu yote," alisema Bi Tunu, jirani yao, ambaye ulimi wake uliogopwa hata na mbuzi. "Sikujua kuwa ina urefu huu."

Bi Mwanakheri alizipima kokoto kwa kiganja. "Tangu walipofunga," alisema, "kila kitu kimekuwa mbali."

Wakaanza kusuka.

Walisuka katika ua wa Bi Mwanakheri, nyumba kwa nyumba zikileta mikono, wengine vijana asubuhi na wazee jioni, na jambo la ajabu ni kwamba wimbo ulipokuwa ukienda, umri wa watu ulitulia. Mtu aliyeketi akiwa na miaka yake aliinuka nayo. Kana kwamba zile sauti zilizopishana juu ya chane zilikuwa zinaushona wakati wenyewe, jana ikipita chini ya leo na kutokea upande wa pili ikiwa kesho. Bi Mwanakheri alikuwa mkali. Ukili uliolegea aliufumua mbele ya mwenyewe bila kusema neno, akamrudishia chane kama mtu anayerudisha chenji. Yeye ndiye aliyeamua picha: maji yanayokwenda, milango iliyo wazi, vikombe, na mikono iliyokunjuliwa. Hakukuwa na ukuta hata mmoja.

Sikudhani alivumilia hadi alipochoka. Siku moja alikaa peke yake kwenye kona, akachukua chane nyeusi, akauimba wimbo ule ule kwa meno yaliyobana, na katika ukili wake akasuka kiatu. Kilikuwa kiatu kizito, chenye kisigino kipana na kamba zilizofungwa mpaka juu. Alikijua vizuri, alikuwa nacho mgongoni.

Bi Mwanakheri aliuchukua ukili ule, akautazama kwa muda mrefu.

"Hiki ni nini?"

"Kiatu, bibi."

"Cha nani?"

"Unamjua mwenyewe."

"Namjua. Umekisuka vizuri. Kisigino hasa." Akautandika ukili ule sakafuni pamoja na nyingine, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya muhogo uliopikwa kwa nazi. "Kaa hapo juu ule."

Sikudhani alikaa. Akamega muhogo, akautia kinywani, ukakataa kushuka. Mgongo wake ulikakamaa wenyewe, mabega yakapanda, na macho yakaanza kutafuta mlango.

"Mwacheni," alisema Bi Tunu kutoka upande wa pili. "Anasubiri kiatu kimpishe."

"Lakini ndio ukweli, bibi," Sikudhani alisema. "Ukweli wote. Wewe unasuka vikombe. Vikombe viko wapi? Nani amekupa kikombe?"

"Sikusema kuwa umesuka uongo. Nilisema ukae." Bi Mwanakheri aliketi mbele yake, magoti yakilia. "Mkeka si ukuta, mke mwenzangu. Ukutani unachora ili watu wasimame, watazame, waende zao. Mkeka watu wanaulalia. Wanakula juu yake. Mtoto anaanguka juu yake akijifunza kutembea. Suka kitu ambacho mwili wa mtu utakubali kukikalia mchana kutwa. Na mwenye kiatu, yeye pia, siku atakapokuja nataka akute mahali pa kukaa, kwa sababu nina maneno naye, na mimi siwezi kusema na mtu aliyesimama juu ya kichwa changu."

Akaondoka, akamwachia ukili na sahani.

Nifumue. Nisifumue. Nikifumua, nimekisamehe? Hapana. Nimekitoa mkekani tu, mgongoni bado kipo. Na nikikiacha? Nikikiacha, kitatandikwa mji mzima, na kila atakayekaa atakaa kama mimi, mabega juu, akitafuta mlango. Basi mimi nitakuwa nani? Nitakuwa nimemsaidia kutukanyaga, tena kwa rangi nzuri. Lakini kikombe. Kikombe nakisukaje, nami sijui kama kuna maji? Mume wetu, wewe ulikwenda na kata. Hukwenda na fimbo. Watu walikucheka. Ulijua nini wewe? Au hukujua kitu, ulikuwa unakwenda kazini tu?

Akaanza kufumua, kamba za kiatu kwanza.

Wako wanaoamini kwamba tumaini ni utabiri, na kwamba mwenye tumaini ni mtu aliyekwisha kuona mwisho akaufurahia; na kwa kuwa hakuna aliyeuona mwisho, humhesabu kuwa ni mwongo mwenye tabia njema. Huenda wangefikiri vinginevyo kama wangekaa na waimbaji. Anayeimba mstari wa kwanza amekwisha kuutengea wa nne mahali, ijapokuwa pumzi yake haina hakika ya kufika. Haulazimishi uje. Anainua tu sauti kwa kiasi ambacho, usipokuja, kila msikilizaji atajua kwamba kuna kitu kinakosekana, na hatatulia mpaka akisikie. Huenda hiyo ndiyo kazi yote ya vikombe vilivyosukwa katika mji wenye kiu: si kusema kwamba maji yapo, wala kusema kwamba yatakuja, bali kuliweka pengo la maji waziwazi, lenye rangi na mipaka, kiasi kwamba hata aliyelifunga lango ajikute anasikiliza, anangoja mstari unaofuata. Na kama ni hivyo, basi aliyesuka kiatu na aliyesuka kikombe walikuwa wanasema habari ya dhuluma ile ile. Ila mmoja alimtazama aliyedhulumu, na mwingine alikitazama kilichodhulumiwa. Sikudhani hakuyawaza haya kwa maneno. Vidole vyake ndivyo viliyawaza, viliporudia mstari wa nne kwa chane za kijani.

Siku ya kutandika ilikuja yenyewe, kama siku zote mjini mle. Waliubeba mkeka mabegani, mrefu, umekunjwa kama gogo la mti mkubwa, wakaushusha uwanjani na kuanza kuuviringisha kuelekea langoni. Watu walitoka majumbani. Walivua viatu, wakavipanga pembeni: kandambili, makubazi, viatu vya shule, vya harusi, kimoja kimoja kisicho na mwenzake, wakakaa, wakalegeza mabega. Njia iliyokuwa ya vumbi ikawa sebule moja isiyo na kuta.

Walipofika langoni, Bi Tunu aliyekuwa anausukuma mkeka alisimama na kushika kiuno.

"Mwanakheri. Tumefika, lakini huu haujaisha."

Kweli, lango lilikuwa mbele yao, na mkeka uliobaki ulikuwa bado umeviringika, mnene kama pipa, umekwama kwenye chuma.

Bi Mwanakheri alilitazama lile pipa la ukindu. "Nani alipima?" Aliuliza hivyo ingawa alijua. "Mke mwenzangu, siku ile uliamka na miguu gani?"

"Ya kitoto," alisema Sikudhani, na uso ukamuwaka.

"Ya kitoto. Nawe ukanyamaza."

"Nilikuwa nimefurahi, bibi."

Bi Mwanakheri alifungua kinywa kumkaripia, kisha akaupapasa mkeka uliobaki kwa kiganja. "Miguu ya mtoto haipimi njia," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Inaichezea."

"Tukate?"

"Ukate ukili? Utafumuka mpaka uwanjani. Kaa chini. Anza wimbo."

Sikudhani akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikapokewa na Bi Tunu, ikapokewa na wa nyuma yake, hata ule wimbo ulioonewa haya ukaenda mpaka uwanjani na kurudi. Na hapo ndipo walinzi walipotoka kwenye kibanda chao pembeni mwa lango, virungu mikononi, wakiongozwa na mkuu wao, aliyeitwa Afande Chande.

"Ondoeni huu," alisema. "Huu ni nini?"

"Mkeka, afande," alijibu Bi Tunu.

"Naona kuwa ni mkeka. Wa nini?"

"Wa kukalia. Kwenu mnaufanyia nini?"

Afande Chande aliwapa walinzi ishara. Wa kwanza, kijana mrefu, akainua mguu ili aingie kati ya watu na kuwaburuta, na mguu ukabaki hewani. Aliutazama mwenyewe, kana kwamba si wake. Amri ilisema watu waondolewe. Haikusema neno juu ya mkeka. Lakini hakuna mtu katika mji ule, mkubwa kwa mdogo, aliyewahi kukanyaga mkeka na viatu. Kila mmoja alikuwa na kofi lake la utotoni kwa ajili ya jambo hilo, na kofi la mama halipandi cheo wala halistaafu. Mguu ukarudi chini, nje ya mkeka. Kijana yule akainama, akaanza kufungua kamba.

Wenzake walimtazama, kisha nao wakainama.

"Soksi hiyo imeona mengi," Bi Tunu alimwambia mmoja. "Mpe pole."

"Bi mkubwa, niache nifanye kazi yangu."

"Fanya. Lakini dole gumba limekwisha kutoka kuja kutusalimu."

Watu walicheka, na mlinzi mwenyewe akacheka kabla hajajizuia. Walipokanyaga kwa miguu mitupu, jambo ambalo Bi Mwanakheri alilijua na hakulisema likatokea: nyayo zao ziligusa mahali chane zilipopanda na mahali ziliposhuka, zikasoma. Mtu aweza kufumba macho na kuziba masikio. Unyayo hauna kifuniko. Mmoja baada ya mwingine walianza kupungua, umri ukiwatoka kama koti, mpaka wakafika kwenye siku walipousikia wimbo ule mara ya kwanza, na kirungu kikawa kitu kizito mno kwa mikono waliyokuwa nayo. Wakaketi. Yule aliyekuwa kijana mrefu aliketi karibu na Sikudhani, akaweka kirungu nyuma yake kwa aibu kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja.

Sikudhani alimtazama. Alitegemea kwamba moyo wake ungejawa na huruma, haukujawa. Mgongo ulimuuma palepale pa siku zote. Lakini mabega yake hayakupanda. Akamsogezea nafasi.

Afande Chande peke yake alibaki amesimama, viatu miguuni, katika kipande kidogo cha mchanga kati ya lango na lile pipa la mkeka.

"Wewe ni mtoto wa nani?" Bi Mwanakheri alimwuliza.

"Mimi ni mkuu wa lango."

"Nimeuliza mama yako."

"Bi Hidaya. Wa mtaa wa juu."

"Hidaya wa vitumbua?"

"Huyohuyo."

"Basi unajua adabu. Vua, ukae. Unanichosha shingo."

Alivua. Ilimchukua muda, kwa maana vidole vyake havikuwa na mazoea ya kufungua. Alipokaa, ukingoni kabisa, unyayo mmoja juu ya mkeka na mmoja mchangani, alionekana mara mtu mzima, mara kijana, kama taa ya umeme inayocheza. Hakuimba. Ila alikuwa akilitazama lile pipa lililobaki, na kadiri alivyolitazama ndivyo alivyozidi kukosa raha, kwa kuwa mkeka usiomaliziwa kutandikwa mbele ya mgeni aliyekwisha kukaa ni namna ya kumwambia aondoke.

"Mbona hamjamaliza kutandika?" aliuliza mwishowe.

"Njia imekwisha, afande," alisema Sikudhani. "Mkeka umezidi."

"Nani alipima hivyo?"

"Mimi."

"Ulipima vibaya."

"Ndiyo. Fungua tumalize."

"Amri inasema asipite mtu."

"Nani amesema mtu?" Bi Tunu aliingilia. "Sisi tunapitisha mkeka."

Wachache walicheka. Afande Chande hakucheka. Aliuchukua ufunguo kiunoni, akaushika bila kuutumia. "Mimi sijapata kuingia huko ndani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea. "Hakuna hata mmoja wetu. Tunalinda tukiwa tumelipa lango mgongo, tunawatazama nyinyi. Maji yetu sisi pia yanaletwa na lori."

"Siku ile," Bi Mwanakheri alisema polepole, "lango lilifunguka kidogo. Alifungua nani?"

"Mimi."

"Basi mkono wako unajua."

Wimbo ulikuwa umefika mwisho wa mstari wa tatu, na, bila kuagizwa na mtu, watu wote wakanyamaza hapo. Walikuwa wameliacha pengo wazi. Kimya kile kilikuwa na umbo, kilikuwa na urefu uliojulikana na kila mmoja, na kilimkaa Afande Chande shingoni hata akainuka. Ufunguo ukazunguka. Lango likafunguka, si kidogo kama siku ile, bali mpaka likagonga ukuta. Na kwa kuwa ardhi ya ndani ilikuwa na mteremko, lile pipa la mkeka likatikisika, likavuka kizingiti, likaanza kujiviringisha lenyewe kuteremka, vikombe vya kijani vikifunguka kimoja baada ya kingine.

"Hautanyooka wenyewe," Bi Mwanakheri alisema. "Ncha inataka mtu. Afande, nenda nayo."

Akaenda. Aliishika ncha kwa mikono miwili, akautembea mteremko kwa miguu mitupu, na walimwona alipofika mahali udongo ulipobadilika rangi akasimama ghafla, akainua unyayo uliolowa, akautazama, akauteremsha tena taratibu. Sikudhani alikuwa amefika kizingitini, nusu yake ndani na nusu nje, mkeka chini yake. Hakuharakia maji. Alisimama hapo na bibi yake, wameshikana mikono, umri wao umetulia, mmoja kijana na mwingine mzee kama inavyopasa.

"Vuta kushoto kidogo," Bi Mwanakheri aliagiza. "Hapo. Sasa sikiliza, afande. Leo tunatandika, na leo wewe ni mgeni. Kesho tutakuja kukuuliza alipo mume wetu."

"Mume wenu?"

"Wa sote wawili," alisema Sikudhani.

Afande Chande hakuiachia ncha ya mkeka. Uso wake haukuwa tena ukicheza kati ya umri huu na ule. Ulikuwa wa mtu mmoja, mwenye miaka yake yote na yote aliyoyafanya ndani yake.

"Msingoje kesho," alisema. "Katika mji huu haina hakika. Niulizeni leo."

Bi Mwanakheri akakaa chini, akamvuta mjukuu wake akae naye, akajifunga kanga vizuri, akamwuliza.